Mofini Kwanza, Kisha Tafakuri

Mgonjwa wa saratani anayelia usiku kwa maumivu hahitaji kwanza mwalimu wa tafakuri. Anahitaji mofini, tena kwa kipimo kinachomtosha na kwa saa zake. Nalisema hili mapema kwa sababu safu hii inahusu tafakuri ya uzingatifu, ile iliyotoka katika mapokeo ya Kibudha, nami nimekuja kuitetea. Lakini jambo jema hugeuzwa kisingizio kwa urahisi sana. Hospitali haina mofini, daktari anaogopa kuiandika, ndugu wanaamini ni dawa ya kumharakishia mtu kaburi. Halafu anatokea mtu wa maneno laini anamwambia mgonjwa avute pumzi na akubali hali yake. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole.

Hofu yangu ina takwimu nyuma yake. Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini kabisa ziliambulia tani 0.1. Uganda imejitahidi kuliko wengi: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa nchini humo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Inawezekana, basi. Mahali ambapo haijafanyika, tafakuri isitumwe kuziba pengo hilo.

Sasa kwa nini nijihangaishe na tafakuri, ikiwa dawa ipo? Kwa sababu maumivu ya saratani si kitu kimoja. Kuna uvimbe uliofika kwenye mfupa, unaouma kila mgonjwa akijigeuza kitandani. Kuna uvimbe unaobana mishipa ya fahamu, ambao maumivu yake huwaka moto na kupiga kama umeme. Kuna ganzi na kuwaka kwa nyayo baada ya baadhi ya dawa za tibakemia, hali inayoweza kudumu hata saratani yenyewe ikiwa imeondoka. Kuna maumivu ya ghafla yanayoivunja dawa katikati ya saa zake. Mofini hutuliza sehemu kubwa ya haya, lakini ina bei yake: choo kigumu, kichefuchefu cha siku za mwanzo, usingizi. Na hata inapofanya kazi vizuri, kuna sehemu ya mateso isiyoifikia. Kila kichomi kipya kinakuja na swali: imerudi? Imesambaa? Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano yake na watu, na ya roho, yote kwa pamoja, na kwamba ukitibu sehemu moja ukaacha nyingine hujamtibu.

Wabudha walilijua jambo hili mapema sana. Katika mafundisho yaitwayo Sallatha Sutta, Buddha anazungumza juu ya mishale miwili. Mtu asiyefundishwa anapopatwa na maumivu ya mwili, huchomwa mshale. Na papo hapo huchomwa wa pili, yaani huzuni, hasira, kujipiga kifua, kutaka hali iwe nyingine kabisa. Aliyefundishwa naye huchomwa ule wa kwanza. Wasomaji wengi wanapita hapa haraka mno. Sutta haisemi kwamba mwanafunzi hodari haumwi. Inasema anaumwa mara moja.

Chukua mwanamke aliyeondolewa titi, ambaye kwapa na bega vinamuuma mwaka mzima baadaye. Mshale wa kwanza ni mishipa ya fahamu iliyokatwa au kuvutwa wakati wa upasuaji, na ngozi iliyokakamaa kwa mionzi. Wa pili ni fikra kwamba ugonjwa umejirudia, ni ada za shule za watoto, ni mume ambaye siku hizi hulala ameelekea ukutani. Na mshale huu wa pili haubaki kichwani. Mwenye hofu hukaza shingo, huinua bega, huzuia pumzi, hakosi usiku wa kukesha. Na msuli uliokazwa usiku kucha huuma asubuhi kwa haki yake. Ndiyo maana siafiki wanaosema kwamba tafakuri inashughulikia mawazo tu. Mshale wa pili unaurudisha wa kwanza ndani zaidi.

Yafaa pia kujua jinsi maandiko hayo yanavyousimulia mwili wa Buddha mwenyewe, maana kuna watu humdhania kuwa jiwe. Katika Sekha Sutta, akiwa Kapilavatthu kwa watu wa ukoo wake, anazungumza mpaka usiku umekwenda sana, kisha anamwambia mwanafunzi wake Ananda aendelee kufundisha kwa sababu yeye mgongo unamuuma na anataka kuunyoosha. Akajilaza. Jiwe lilipoukata mguu wake, wanasimulia kwamba maumivu yalikuwa makali na aliyabeba kwa uzingatifu bila kusumbuka. Uzeeni, karibu na mji wa Vesali, aliugua hadi karibu kufa. Alikuwa na tabibu, Jivaka, aliyempa dawa naye akaitumia, na kanuni za watawa, Vinaya, zina sura nzima juu ya dawa zinazoruhusiwa kwa wagonjwa. Mtu huyu alitafakari kuliko wengi waliowahi kuishi, na bado alijilaza mgongo ulipouma, na alitumia dawa ilipohitajika.

Nayasisitiza haya kwa sababu katika nchi za Kibudha zenyewe, Thailand na Sri Lanka zikiwemo, watoa huduma hukutana na wagonjwa wanaokataa mofini wasije wakafa akili ikiwa na ukungu. Wanaamini hali ya akili katika saa ya mwisho ina uzito mkubwa kwa maisha yajayo, na imani hiyo haipaswi kudharauliwa. Lakini anayekabidhiwa kipimo sahihi, kikipandishwa polepole, kwa kawaida usingizi wa siku za mwanzo humtoka na akili humrudia. Maumivu yasiyotulizwa ndiyo yanayoifunika akili. Mgonjwa anayeng'ata shuka hawezi kuzingatia pumzi wala sala.

Zoezi lenyewe linatokana hasa na Satipatthana Sutta, inayomwelekeza mtu kuutazama mwili, hisia, hali za moyo, na mambo yanayopita akilini. Kwa mwenye maumivu, uwanja wa pili ndio muhimu. Hisia hapa ina maana ndogo na safi: jambo linapendeza, halipendezi, au halina upande. Mtu anajifunza kuiona hisia ikiwa bado hisia, kabla hajaigeuza hadithi. Katika karne ya 20 mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma (1904–1982) alilifanya jambo hili liwe jepesi kwa watu wa kawaida kwa kuwafundisha kulitaja kimya kimya kila linalotokea: kupanda, kushuka, kuuma, kuuma, kufikiri.

Burma hiyohiyo ilitupa kisa ambacho kila mfanyakazi wa tiba shufaa angepaswa kukijua. S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924, alisumbuliwa na kipandauso kikali kiasi cha kuchomwa sindano za mofini, na akaanza kuogopa kwamba siku moja hataweza kuishi bila sindano hizo. Mwaka 1955 alikwenda kwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali aliyekuwa pia mwalimu wa tafakuri, kuomba apone kichwa. U Ba Khin alikataa kumpokea kwa sababu hiyo. Alimwambia kwamba njia hii ipo kwa ajili ya kuisafisha akili na kuondoka katika mateso; kichwa kikipona, na kipone, lakini asije kwa ajili hiyo. Goenka alirudi baadaye kwa nia nyingine, akatafakari, na kwa kusimulia kwake kipandauso kikamwacha. Kuanzia 1969 alifundisha India, na vituo vya njia yake vikaenea duniani.

Nadhani U Ba Khin aliona jambo ambalo kliniki zetu zinalisahau. Anayekaa akitafakari huku kila dakika anajiuliza kama maumivu yamepungua, amegeuza zoezi kuwa mapambano mapya, na mapambano ndiyo mshale wa pili. Huyu huamka akiwa amechoka, akisema nimejaribu, haifanyi kazi. Ugumu uko hapo hasa: tunampa mgonjwa kitu ili apunguze mateso, huku tukimwomba asikishike kwa tamaa ya kupunguza mateso. Sijui njia ya mkato hapo, zaidi ya kumweleza wazi kabla ya kuanza.

Aliyeileta tafakuri hospitalini alikuwa Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa baiolojia aliyekuwa akifuata mazoezi ya Kibudha. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani, alianzisha kliniki kwa wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho nao. Programu yake, ambayo baadaye ilitulia kwenye majuma 8, ilikuwa na kuupitia mwili kwa uzingatifu kutoka vidole vya miguu hadi utosi, kukaa na pumzi, na yoga nyepesi. Katika taarifa yake ya 1982 juu ya wagonjwa 51 wenye maumivu sugu, asilimia 65 walipunguza alama za maumivu kwa theluthi moja au zaidi. Hawa walikuwa watu wa migongo na vichwa zaidi, hawakuwa kundi la saratani, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Ulikuwa mlango tu, ila wengi waliupita.

Canada waliupita mapema. Mwaka 2000, Michael Speca, Linda Carlson na wenzao katika kituo cha saratani cha Calgary walichapisha jaribio la wagonjwa 90 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliofanya programu walikuwa na huzuni, hasira na wasiwasi kidogo sana kuliko waliosubiri zamu yao. Alama za hali mbaya ya moyo zilishuka kwa asilimia 65. Angalia walichopima: moyo. Hawakupima maumivu kama lengo kuu. Kwa maumivu yenyewe, jaribio ninaloliheshimu zaidi ni la Denmark, lililochapishwa 2016 na Maja Johannsen, Robert Zachariae na wenzao. Walichukua wanawake 129 waliokwishamaliza matibabu ya saratani ya matiti lakini wakabaki na maumivu. Waliopewa majuma 8 ya tiba ya uzingatifu walisema maumivu yao yamepungua ukali, na walitumia kidogo zaidi vidonge vya maumivu vya kununua bila cheti.

Maabara nayo ina la kusema. Fadel Zeidan na wenzake mwaka 2011 waliwafundisha watu 15 wenye afya tafakuri kwa siku nne, dakika 20 kila siku, kisha wakaweka kifaa cha nyuzi joto 49 kwenye shavu la mguu huku ubongo ukipigwa picha. Ukali wa maumivu ulishuka kwa asilimia 40, lakini karaha yake ilishuka kwa 57. Tofauti hiyo kati ya ukali na karaha inalingana na mishale miwili kwa namna inayonifurahisha kila ninapoisoma. Mwaka 2016 kundi hilohilo lilitumia naloksoni, dawa inayofunga milango ambayo mofini huingilia, na tafakuri ikaendelea kutuliza. Maana yake kwa kitanda cha mgonjwa ni nzito: inaelekea tafakuri na mofini hupita njia tofauti, kwa hiyo zinaweza kusaidiana bila kugombania mlango mmoja.

Lakini kijana mzima aliyejitolea kuguswa na joto anajua kwamba litaondolewa. Mwenye saratani kwenye uti wa mgongo hana uhakika huo. Na miongozo mikubwa inalitambua hilo. Ule wa pamoja wa chama cha onkolojia jumuishi na chama cha wataalamu wa saratani wa Marekani, wa 2022, haukupata ushahidi wa kutosha kuipendekeza tafakuri ya uzingatifu kwa maumivu ya saratani. Mwaka uliofuata vyama hivyohivyo vikaipendekeza kwa nguvu dhidi ya wasiwasi na huzuni kwa wenye saratani. Kwangu mimi miongozo hiyo miwili haipingani hata kidogo. Tafakuri ni tiba ya kile kinachozunguka maumivu, na baadhi ya utulivu huo hurudi ukayapunguza maumivu yenyewe. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu.

Namna ya kufanya inahitaji uangalifu kuliko kanda nyingi za tafakuri zinavyofikiri, kwa kuwa zilitengenezwa kwa watu wazima wa afya wanaotaka kupumzika baada ya kazi. Mgonjwa asilazimishwe kukaa. Alale chali, mto chini ya magoti, au kwa ubavu usiouma. Wakati mzuri ni nusu saa hadi saa moja baada ya kunywa mofini ya maji, dawa ikiwa imeshika. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yakiwa 8, acha. Hiyo ni saa ya dawa ya nyongeza. Yakiwa 3 au 4, anza.

Walimu wengi huanzia pumzi. Kwa mwenye saratani ya mapafu, au maji yaliyojaa kifuani, kumwambia asikilize pumzi ni kumtia hofu, kwa sababu pumzi ndiyo inayomtisha. Aanzie mahali pasipouma: viganja, au nyayo zikigusa shuka, au sauti za nje ya dirisha. Akae hapo mpaka atulie. Kisha, akitaka mwenyewe, asogeze uangalifu hadi ukingoni mwa maumivu, asiingie katikati. Yanaanzia wapi, yanaishia wapi? Yanachoma, yanapwita, yanafukuta, yanavuta, yananyonga? Yamekaa palepale au yanahama? Mara nyingi mgonjwa hugundua kwamba kile alichokiita kwa jina moja kina vipande, na baadhi ya vipande vinapungua na kurudi. Likija wazo la watoto au la kaburi, alitaje tu kuwa ni wazo, halafu arudi viganjani. Dakika tano zinatosha. Mwenye uchovu wa saratani hana dakika arobaini za kumpa mtu.

Wapo wasiofaa kufanya hivi bila mtu mzoefu karibu. Aliyewahi kubakwa au kuteswa, anapofunga macho na kuupitia mwili wake, anaweza kurudishwa mahali pale. Aliyezama katika sonona anaweza kuzama zaidi. Afumbue macho, azingatie sauti, au asifanye kabisa, hakuna aibu.

Na kuna maumivu ambayo ni kosa kubwa kuyatafakari. Maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo kukataa kutoka ama kujitokea, yanaweza kumaanisha uvimbe unaubana uti wa mgongo, na saa chache ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena. Maumivu ya ghafla ya paja kwa mwenye saratani ya mifupa yanaweza kuwa mfupa umevunjika. Tumbo lililojaa na kutapika bila choo ni jambo la hospitali, usiku huohuo. Mgonjwa aliyefundishwa kuyapokea maumivu yake kwa utulivu anaweza kuchelewa kusema. Kwa hiyo kila anayefundisha zoezi hili afundishe na dalili hizi, katika kikao kilekile cha kwanza.

Kuhusu dini, wagonjwa wetu wengi ni Waislamu na Wakristo, na wana haki ya kujua kitu kimetoka wapi. Sikubaliani na wanaokivua Ubudha wake kimyakimya ili kisiogopwe. Mwambie mgonjwa ukweli: zoezi hili lilitoka kwa Wabudha, halidai uamini kuzaliwa upya wala uiname mbele ya sanamu, na unaweza kulikataa. Wala tusiseme ni sawa na dhikri au rozari. Dhikri humwelekeza mtu kwa Mola wake. Zoezi hili humwelekeza kwenye hisia iliyopo. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, kila moja kwa saa yake, na anayetosheka na sala yake aachwe nayo. Anayetaka kujifunza kutoka chemchemi yenyewe hana haja ya kusafiri mpaka Asia. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala miongo mingi iliyopita, na Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda.

Kinachokosekana kwetu ni sauti. Kanda nyingi za kumwongoza mgonjwa ziko katika Kiingereza, zimejaa bahari tulivu na misitu ya mbali, na zinadai nusu saa ya mtu asiye na nusu saa. Tunahitaji za Kiswahili, dakika tano hadi kumi, zenye sauti ya mtu anayezungumza polepole na bila madoido, zinazoweza kuchezwa kwenye simu ndogo kando ya kitanda, na zinazomalizika kwa kumkumbusha mgonjwa saa ya dawa yake inayofuata. Anayeweza kuzitengeneza, na asianze studio. Aanze kwa kukaa na wauguzi wa wodi za saratani na wa hospisi zetu, maana wao ndio wanaojua mgonjwa huchoka dakika ya ngapi, na ni maneno gani humfanya ageukie ukuta.